Bomu la Mbina

Meja alipouliza nani kati yetu anakijua Kisukuma, nilipaswa kunyamaza. Hanga lilikuwa limejaa mafundi na hakuna aliyeninyooshea kidole. Ningeinama chini ya bawa, niendelee na parafujo zangu, nao wangemtafuta mwalimu wa shule au mtendaji wa kata. Badala yake nilinyoosha mkono nikasema, "Mimi, afande. Kwetu ni Dutwa."

Kazi yenyewe ilisikika nyepesi. Ndege zetu mpya zilihitaji mahali pa kufanyia mazoezi ya kupiga shabaha ardhini, na palipochaguliwa palikuwa mbuga, ile ardhi nyeusi tambarare ya kwetu isiyo na nyumba, ambako ng'ombe hulishwa wakati wa kiangazi. Mtu alitakiwa kusimama mbele ya wanakijiji na kuwaeleza kwa lugha ya nyumbani ni kitu gani kitakachokuwa kinadondoka. Nilisimama mimi. Nikachagua neno moja vibaya, watu wakacheka, na neno hilo likamuua mdogo wangu Masanja. Nawaambia mapema ili msije mkadhani mnasoma habari za ushujaa.

Najua mnachokitaka ninyi vijana ni ndege. Mnakuja hapa kwangu Nyalikungu, mnajipanga kwenye benchi, mnanisogezea simu usoni.

"Babu Shija, hii unaijua?"

"Naijua."

"Inabeba mabomu mangapi?"

"Inategemea kama inatakiwa kurudi."

Mnacheka. Mimi sitanii. Ndege ina uzito wake wa mwisho, ukiuzidisha hainyanyuki. Kwa hiyo kila bomu unaloning'iniza chini ya bawa ni mafuta unayoyaacha ardhini, na atakayeishiwa mafuta njiani ni rubani, si wewe uliyefunga. Nimeifanya hesabu hiyo karibu maisha yangu yote ya kazi, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kuniuliza juu yake. Mnauliza inakwenda kasi gani.

Watu husema "ndege ya vita" kana kwamba ni moja. Zipo zinazopanda juu kabisa kupigana na ndege nyingine. Zipo kubwa zinazokwenda mbali kubomoa viwanda na bandari. Yetu ilikuwa ya kazi iliyo karibu na udongo: kushuka, kukitafuta kitu kimoja, daraja, gari la risasi, mzinga uliofichwa vichakani, kukipiga na kutoweka kabla waliopo chini hawajainua vichwa. Aghalabu huitwa na askari wa miguu waliobanwa, ambao wako umbali mfupi tu na adui. Ukikosea kidogo unawaua waliokuita. Ndiyo maana historia nzima ya ndege hizi, tangu nilipozikuta hadi nilipoziacha, ni historia ya watu wanaotafuta namna ya kutokosea.

Nilipoingia kazini baada ya kidato cha nne, rubani alikuwa na kioo chenye duara mbele ya macho yake. Alipiga mbizi, akasubiri shabaha iingie kwenye duara, akakisia upepo, akabonyeza. Bomu lilikwenda linakotaka. Ili alenge vizuri ilimbidi ashuke chini sana, na akishuka chini sana hata mtu mwenye bunduki ya kawaida aliweza kumtoboa. Wakaongeza bamba nene chini ya kiti chake, ndege ikawa nzito. Wakaongeza injini, ikala mafuta. Kisha wakaja na kompyuta inayosoma mwendo, urefu na mteremko, ikamchorea rubani alama kwenye kioo: ukiachia sasa, litaangukia hapa. Baadaye bomu lenyewe likapewa macho na mapezi, likawa linafuata mwanga uliomulikwa kwenye shabaha, au linaelekezwa na setilaiti. Rubani akabaki juu, mbali na risasi. Ndege iliyokuwa ikibeba mabomu mengi ili moja lipate, ikabeba machache na yote yakapata. Na ndege ileile ikaweza kupigana angani asubuhi na kupiga ardhini mchana. Siku hizi mnanionyesha zisizo na rubani. Sina neno juu ya hizo. Zilikuja nikiwa nafungasha.

Aliyenifundisha ni Sajini Makame, mtu wa Pemba, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu uache unachofanya ili umsikie. Msemo wake ulikuwa mmoja.

"Mwanangu Shija, ndege haina haya. Itaruka na kosa lako mbele za watu."

Kila bomu lina pini ya usalama yenye utepe mrefu mwekundu. Ndege ikiwa tayari kuondoka unazichomoa pini zote, unasimama mbele ambako rubani anakuona, unaziinua juu azihesabu kwa macho. Asubuhi moja, mwaka wangu wa kwanza, nilimwinulia rubani pini iliyokuwa mfukoni mwangu tangu jana yake. Ya siku ile ilikuwa bado imechomekwa kwenye bomu. Ndege ilikwenda, ikazunguka shabaha, bomu likakataa kutoka, ikarudi nalo likiwa linaning'inia. Rubani akashuka, akachomoa ule utepe, akaniletea.

"Fundi, mzigo wako huu. Umetembea sana."

Makame hakunifokea. Alinivisha utepe ule shingoni, nikazunguka nao kambini wiki nzima kama ng'ombe wa mahari. Wapishi waliniuliza nimetolewa kwa binti gani. Tangu hapo sikuweka tena pini mfukoni, na nilidhani somo lilikuwa pini.

Ndege za zamani ulizisikiliza. Uliweka kiganja ubavuni, ukajua pampu imechoka. Hizi mpya unachomeka waya, kompyuta inakuambia zinaumwa wapi. Ni kitu kizuri na siwaambii ili mkidharau. Ila siku moja ilituambia chombo cha kupimia mwendo kimekufa. Tukakibadilisha. Ikasema kimekufa tena. Tukabadilisha nyaya, tukabadilisha kisanduku chenyewe, mainjinia wawili wakabishana hadi wakanuniana. Kumbe nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo ndani ya kile kijibomba cha mbele kinachopokea upepo. Makame akaichokonoa kwa kijiti, akampuliza nyigu, akacheka hadi akakaa chini. Kompyuta haikuwa imekosea. Haikuambiwa tu kwamba duniani kuna nyigu.

Naileta habari hiyo kwa sababu bomu la mazoezi nalo halikuwa limeambiwa habari ya mbuga.

Bomu la mazoezi ni dogo, urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ni chuma kizito, kimepakwa rangi ya bluu ili kila fundi ajue si lile la vita. Katikati yake kuna tundu jembamba lenye baruti kidogo. Likigonga ardhi, pua inarudi ndani na kuichoma baruti, moshi mweupe unatokea mkiani, rubani anaona amepiga wapi. Hakuna kinachobomolewa. Lakini baruti iliyobanwa ndani ya chuma, yenye upande mmoja tu wa kutokea, ni bunduki. Anayesimama upande huo amesimama mbele ya mtutu.

Na pua ile ilitengenezwa kwa ajili ya ardhi ngumu. Mtu wa kwetu hahitaji kusomea ili ajue mbuga ikinyeshewa inakuwaje. Trekta linazama, ng'ombe anazama, anayekwenda gulioni anabeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba. Bomu dogo likianguka pale wakati wa mvua linazama kama kidole kwenye ugali wa moto. Pua haigongwi. Baruti inabaki. Kiangazi kikija, udongo uleule unapasuka nyufa ambazo mguu wa ndama unaingia, na kilichomezwa kinaonekana.

Nililijua hilo kabla ya mkutano. Nilimwambia Makame, ambaye wakati huo alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Alikuwa anafuta mikono kwa tambara.

"Umemwambia meja?"

"Nimemwambia. Amesema yatakuwa yanaokotwa baada ya kila zoezi."

"Yatazama yote, nani atayaokota?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi usiende wewe. Sema unaumwa tumbo. Akienda mgeni akasema mambo ya hatari, watu wataogopa. Ukienda wewe, mtoto wao, wataona ni mambo ya nyumbani."

Sikumsikiliza, na sababu yangu ni ndogo kiasi kwamba naona aibu kuiandika. Nilitaka kushuka kwenye gari la jeshi mbele ya watu wa kwetu nikiwa nimevaa kombati iliyopigwa pasi. Nilitaka mama anione. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta kwa miaka, ili angalau niwe nilidanganywa au nililazimishwa. Sijaipata.

Watu walijaa. Mama alikaa na wanawake wenzake, amevaa kitenge chake cha kanisani. Masanja alikuwa mstari wa mbele na vijana wake. Mdogo wangu huyo alikuwa fundi baiskeli pale Dutwa, lakini watu walimjua kwa jambo jingine. Alikuwa ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa kikundi cha mbina. Nanyi mnaijua mbina, ngoma zetu za mashindano baada ya mavuno, vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wa mwenzake. Kwa hiyo kila ningi hutafuta kitu ambacho mwenzake hana. Huyu ataleta chatu, yule nungunungu, mwingine atacheza juu ya magongo. Masanja msimu ule alikuwa ameshindwa na mtu wa chatu, na maneno yalikuwa bado yanamwuma.

Meja alisema kwa Kiswahili kilichonyooka: haya ni mabomu ya mazoezi, yana chaji ndogo ya moshi, mtu akiliona asiliguse, atoe taarifa. Nikaanza kutafsiri. Mzee Limbu, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, akanikatiza, akiniita mwanangu.

"Ng'wanawane, mazoezi ndiyo nini? Vita nayo inajaribiwa kwanza?"

Nikalitafuta neno. Ningeweza kusema mengi. Ningesema ni bomu dogo. Ningesema ni bomu lenye sumu, uongo, lakini uongo wenye msaada. Nikamwona Masanja mbele yangu, nikamwona na mama, nikataka kuwafurahisha.

"Mzee, ni kama ningi anavyowachezesha watu wake kabla ya mashindano. Haya si mabomu ya vita. Ni mabomu ya mbina."

Uwanja mzima ulicheka. Wanawake wakapiga vigelegele. Hofu iliyokuwa kwenye nyuso za watu niliiona ikitoka, na mimi ndiye niliyeitoa, nikajisikia mkubwa.

Masanja akasimama, akaniita kama wanaume wa kwetu wanavyoitana. "Ngosha, kama ni ya mbina mtuletee na sisi tuyacheze. Mbona mnacheza peke yenu?"

Wakacheka zaidi. Meja aliyekuwa hajui kinachochekesha akatabasamu, akaniinamia. "Umewaambia wasiyaguse?"

Nilikuwa nimebakiza sehemu hiyo. Nikawageukia nikasema kwa Kisukuma, huku bado nacheka, kwamba wasiyachezee sana, yatawapaka moshi.

"Nimewaambia, afande."

Mazoezi yalianza na mvua. Ndege zilipita juu ya mbuga, watu wakazizoea, ng'ombe wakazizoea pia. Katika hanga sisi tulisoma matokeo na kuyapigia makofi: kompyuta mpya ilikuwa inaweka mabomu ndani ya duara dogo kuliko kambi yetu ilivyowahi kuona. Mabomu ambayo hayakutoa moshi tuliyaita "yaliyonyamaza" tukaendelea na kazi. Waliokwenda kuyaokota walirudi na matope hadi kwenye mapaja na mikono mitupu. Nyumbani nako neno langu lilikuwa limeota mizizi. Nikipiga simu, kila mtu ananiuliza mabomu ya mbina yanaendeleaje. Mama mwenyewe aliliona ni neno zuri.

Kiangazi kikafika, pamba ikavunwa, vikundi vikaanza kujipanga. Mchana mmoja nilikuwa chini ya ndege nafunga mabomu ya zamu ya alasiri, simu ikalia. Masanja.

"Mwadila, ngosha. Upo kazini?"

"Nipo. Kwani wewe huna kazi?"

"Ninayo. Nikuulize. Hii bomu yako ya mbina, mtu akiipiga inalia?"

Nilidhani ananitania kama walivyonitania wote. Mnisikilize vizuri hapa. Masanja alikuwa anauliza kama chuma kile kina sauti, kama njuga, kama kengele ya ng'ombe. Kwetu sisi watu wa silaha, kulia ni kulipuka. Bunduki hulia, bomu hulia. Neno lilikuwa moja na kila mtu alilisikia la kazi yake. Nilikuwa na spana mdomoni, nikaitoa ili nimjibu vizuri.

"Inalia kuliko ngoma zako zote."

Akacheka, akanishukuru. "Wabeja. Mwaka huu mtu wa chatu atalala na chatu wake." Akakata simu.

Sikumwuliza, "hii" ipi. Alisema "hii". Mtu hasemi "hii" kwa kitu ambacho hana mkononi. Nilirudisha spana nikamalizia kazi, na siku ile nilizihesabu pini zangu mara mbili.

Yaliyotokea Dutwa nilisimuliwa na vijana wa kikundi chake. Bomu lilikuwa limeonekana kwenye ufa wa mbuga, bluu yake bado inang'aa, mchungaji mmoja akampelekea ningi kwa heshima. Masanja alilisugua matope, akalifunga mkanda wa mpira wa baiskeli, akalivaa shingoni kama ngoma, mkia ukiegemea kifua chake na pua ikitazama mbele. Aliwakusanya watu wake uani kwa mama wajaribu mwendo mpya. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anaangalia. Alipoipiga pua kwa nyundo mara ya kwanza ililia kama kengele, wakashangilia. Akapiga tena kwa nguvu zaidi.

Moshi mweupe ulipotanda, watu walishangilia pia. Walidhani ndiyo mbina yenyewe, ndio ule moshi wa kupakwa niliowaahidi. Waliendelea kushangilia kwa muda ambao hakuna aliyeniambia ulikuwa mrefu kiasi gani, na mimi sikuuliza.

Nilifika kesho yake. Wakubwa walikuja, wakatoa pole, mazoezi ya mbuga ile yakasitishwa. Hakuna aliyenilaumu. Meja alimwambia mama mbele yangu kwamba wananchi walionywa, na mtafsiri alikuwa mwanawe mwenyewe. Alidhani anamfariji.

Walipoondoka mama aliniita nyuma ya nyumba.

"Shija, mdogo wako alikupigia simu kabla."

"Alinipigia, mayu."

"Aliniambia kaka kasema inalia vizuri. Ulisema?"

Ningeweza kusema simu haikusikika. Yeye mwenyewe nadhani alikuwa ananiachia mlango huo, maana alikuwa anatazama pembeni.

"Nilisema. Nilidhani ananitania."

"Ulikuwa unajua inaua?"

"Nilikuwa najua."

Akajifunga upya kitenge chake kiunoni, kama mtu anayetaka kwenda kuteka maji.

"Nenda kwenye ndege zako," akasema. "Huyu tutamzika sisi."

Nimewahi kuombwa na mwalimu mmoja wa ufundi niwaambie vijana nilijifunza nini. Nikamjibu kuhusu pini, kuhusu nyigu, kuhusu kuweka vizibo kwenye vijibomba kila jioni. Yote ni kweli na mnaweza kuyaandika. Lakini nisingependa mwondoke mkidhani kwamba kosa langu nimelibadilisha likawa hekima. Halikubadilika. Ndege zile zimeendelea kuwa bora, zinaona gizani, zinapiga dirisha ulilolichagua, na sehemu fulani ya ubora huo ilipimwa kwenye mbuga ya kwetu kwa mikono yangu. Makame alikufa kwao Pemba. Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa amesema kweli, nikaona halitamsaidia wala halitanisaidia. Nilistaafu, nikaja kukaa Nyalikungu kwa sababu ndipo basi la Dutwa liliponishusha siku nilipojaribu kurudi nyumbani nikashindwa kumalizia safari.

Kunyoosha mkono ule kulinigharimu mdogo wangu Masanja, aliyekufa uani kwetu mchana kweupe, akiamini neno langu. Kulinigharimu mama, ambaye aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakunitamkia neno jingine hadi alipofariki. Akazikwa kando ya mwanawe, nami nilipata habari zake baada ya matanga kuanuliwa.